Usijali, Hali Hiyo Ni ya Kawaida

Watu walimsukuma Bi Kipaza kwenye foleni ya benki huku wakiitii sauti yake. Spika ya darini iliposema "mteja anayefuata, dirisha la pili," aliyekuwa akisema ni yeye, huyo huyo aliyebanwa ubavuni na mama mwenye kapu. Yule mama aliinuka kwa adabu zote kuitikia spika, akamkanyaga mwenye sauti kidole cha mguu, na pole hakutoa. Ndiyo dunia ilivyo. Sauti ina heshima zake, mwenyewe hana.

Jina la Kipaza alipewa na wenzake wa kazini, likamganda mpaka majirani nao wakasahau lile alilopewa na mama yake. Kazi yake ilikuwa kusoma matangazo. Alisomea benki, alisomea lifti za majengo marefu ("mlango unafungwa, tafadhali"), alisomea mashine ya foleni ya hospitali kuu, sabuni ya unga, maji ya chupa na dawa ya mende. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani ili kisitoe mwangwi. Ndani yake kulikuwa na kiti, meza, maikrofoni na dirisha dogo la kioo, na nyuma ya kioo hicho alikaa fundi mitambo, mwanamume wa makamo mwenye kitambi na masikio makali. Huyo walimwita Pumzi, maana kazi yake kubwa ilikuwa kukata pumzi za watu. Msomaji akivuta hewa kati ya sentensi na sentensi, Pumzi huikata hiyo hewa, huitupa, akaunganisha maneno mpaka ukadhani anayesema hana mapafu. Bi Kipaza alizoea kumwambia kwamba siku ya kiyama atadaiwa pumzi zote hizo moja baada ya nyingine, na asitegemee yeye kumwekea dhamana.

Pumzi naye alikuwa na amri yake moja: soma huku unatabasamu. Tabasamu husikika, alisema, hata kwenye dawa ya mende. Bi Kipaza aliishika amri hiyo miaka na miaka, ikafika mahali akikaa tu mbele ya maikrofoni mdomo unajipanga wenyewe.

Nyumbani alikuwa na mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, na kwa hiyo akaitwa Kitinda. Mama alipofariki, Kitinda alikuwa hata kufunga kamba za viatu hajui. Bi Kipaza akawa dada, akawa mama, na inapobidi akawa baba wa kugomba. Wanaume wa kumwoa walikuja, hawakukosekana, ila kila aliyekuja alimtaka yeye bila kifurushi chake, na yeye aliwajibu kwamba bidhaa hizi huuzwa kwa pamoja. Sasa Kitinda alikuwa anasoma chuo cha ualimu, binti mrefu, meno yamepangika, kicheko cha kuamsha mtaa. Bi Kipaza hakuwa na kitu kingine duniani. Nalisema mapema, ili mbele ya safari usije ukaniuliza mtu mzima yule alichanganyikiwa kwa nini.

Basi siku moja akaja mratibu.

Alikuwa mwanamke nadhifu, viatu vyake havitoi sauti, ananukia sabuni ya hospitali, na alikuwa na mazoea ya kumgusa mtu mkono kila anapotaka akubaliwe. Alitoka kwenye kliniki ya uzazi iliyofunguliwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo jipya. Alieleza kwamba kliniki inawasaidia watu waliohangaika miaka bila mtoto, na ili isaidie inahitaji mabinti wenye afya wa kuchangia mayai yao ya uzazi. Hilo la watu kuhangaika lilikuwa kweli, na Bi Kipaza lilimwingia moyoni, kwani nani asiyemjua shangazi au rafiki aliyelia kwa ajili hiyo. Lakini mratibu akaongeza kwamba sauti anayoitaka si ya kuuza. Anataka ya dada mkubwa, dada anayekaa kitandani na mdogo wake wakasukana nywele.

Hapo machale yakamcheza Bi Kipaza. Si kwamba alikuwa na akili kuliko watu wengine, la, ni kazi tu ilimfundisha. Wauza sabuni hawajawahi kumwambia asome kama dada. Husema soma kwa nguvu, bei ishike. Mtu anayekuja kuazima udada wako, anataka kwenda nao wapi? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo Bi Kipaza hakuipenda hata kidogo, maana watu wakiifuata yeye atakufa njaa, lakini siku hiyo ilimjia bila kuitwa.

Tangazo lilisema: mpe mwenzio zawadi ya kuitwa mama, mwili wako una mayai mengi usiyoyahitaji, ni rahisi, ni salama, na utapewa posho ya shukrani. Liliwalenga mabinti wa vyuo, wenye afya, wasomi, warefu. Bi Kipaza akauliza urefu na huruma vinahusiana nini. Mratibu akacheka vizuri, akamgusa mkono, akasema wateja wana matakwa yao. Nyuma ya kioo Pumzi akanong'ona kwenye kipaza chake kwamba kumbe ni kama mnada wa mbuzi, wanakagua mpaka meno. Mratibu hakusikia, au alisikia akameza.

Mwishoni mwa tangazo kulikuwa na sentensi ndefu ya tahadhari. Ilitaja sindano za homoni za kila siku, kisha sindano ya kuvutia mayai ukiwa umelazwa usingizi. Ikataja kwamba baadhi ya wanawake huvimba tumbo, huweza kujaa maji na kushindwa kupumua, kutokwa na damu, au kifuko cha mayai kujisokota. Bi Kipaza aliisoma kama alivyosoma mengine yote, kwa tabasamu. Hilo la "kujisokota" lilitoka tamu kama jina la keki. Mratibu alifurahi sana, akaomba sehemu hiyo iende haraka kidogo. Kisha haraka zaidi. Kisha akamwomba Pumzi aikaze kwa mashine, ikakazwa mpaka ikawa kama nyuki aliyepita dirishani. Na tangazo lilipoanza kusikika redioni, hata huyo nyuki hakuwemo. Mratibu alipoulizwa alisema muda wa redio ni mfupi, na tahadhari zote wauguzi watazieleza huko huko juu, kwa utulivu.

Safari ya pili alipokuja, Bi Kipaza alipiga moyo konde akamuuliza.

"Wale waliochangia mwaka jana, wanaendeleaje?"

"Wazima kabisa."

"Mmewauliza?"

"Wangekuwa na shida si wangerudi?"

Bi Kipaza alilitafuna jibu hilo. Asiyerudi anaweza kuwa mzima. Anaweza pia kuwa hana nguvu za kurudi, au ana aibu, au yuko mahali ambako watu hawarudi. Akauliza tena, na baada ya miaka mingi je, dawa zile humfanya nini mtu? Mratibu akasema hakuna utafiti uliothibitisha madhara. Akaulizwa kama kuna mtu aliyewafuatilia mabinti hao miaka yote hiyo akakuta hakuna. Mratibu akaangalia saa yake.

"Basi tuseme hatujui," Bi Kipaza akasema. "Neno dogo tu. Haya tunayajua, na mengine hatujui."

"Dada yangu mpendwa," mratibu akasema, na mkono ukahamia begani, "nani atapanda lifti kuja kwenye hatujui?"

Ni maneno ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na Bi Kipaza aliyajua kuwa ndiyo hayo. Lakini alisoma. Sitampamba hapa. Ada ya chuo ilikuwa inamsubiri, na kodi ya nyumba haijawahi kusubiri mtu. Alijiambia kwamba yeye ni bomba, na bomba haliulizwi maji yametoka wapi. Wengi tunajiambia hivyo, tukalala usingizi mzuri.

Safari ya tatu ndiyo iliyomkalia vibaya. Kliniki ilikuwa inaweka mashine ya kujibu simu za wachangiaji, na mratibu alileta vijisentensi vya kusoma kimoja kimoja. Pole kwa usumbufu. Usijali. Hali hiyo ni ya kawaida. Pumzika na unywe maji. Itapungua yenyewe baada ya siku chache. Bi Kipaza alizoea kazi ya vipande. Hata benki alisoma namba moja moja, mashine ikaziunga yenyewe. Lakini namba ni namba. Usijali ni jibu, na jibu lazima liwe na swali lake. Akauliza maswali yako wapi. Mratibu akasema hayo ni mambo ya watu wa mitambo, yeye asijichoshe.

Wakarudia "usijali" mara nyingi, kwa sababu mratibu kila mara alikuta inapungukiwa na kitu. Haina udada, alisema. Na mdogo ambaye Bi Kipaza amewahi kumlea alikuwa mmoja tu. Akafumba macho akamkumbuka Kitinda mdogo, siku za radi, anavyokimbia na shuka lake kuja kuingia ubavuni mwake, akitetemeka, na yeye akimpangusa uso gizani. Akasema usijali kama alivyokuwa akisema usiku ule. Pumzi akainua kidole gumba. Mratibu machozi yakamlengalenga, na nadhani yalikuwa ya kweli, maana hata muuaji hulia akisikia wimbo mzuri.

Ilipita kama wiki. Bi Kipaza alikuwa anapiga pasi sebuleni, Kitinda amejilaza kwenye mkeka na vitabu vyake, redio inasema. Tangazo la kliniki likaingia, na binti akalisikiliza mpaka mwisho akiwa kimya, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kwani siku zote akisikia sauti ya dada yake redioni humuigiza na kumcheka.

"Dada, wewe husomi uongo, au sio?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, ndugu zangu, na aliyeufungua hakujua. Bi Kipaza angeweza kuweka pasi chini akauliza unauliza kwa nini. Angeweza kusimulia habari ya nyuki. Lakini alisikia kama anatuhumiwa kazi yake, kazi iliyomlisha huyo anayemuuliza, na kiburi kikamtangulia. Akasema tangu aanze kusoma hajawahi kusoma uongo hata siku moja. Mende walikufa, sabuni ilitoa povu. Akageuza kola ya shati akaendelea na pasi.

Tangu hapo Kitinda akabadilika, na nyumba ikaanza kunuka siri. Alikuwa anaondoka asubuhi na mapema kabla chai haijachemka. Pamba zenye tone la damu zikaanza kuonekana kwenye ndoo ya taka, zimefungwa kwenye karatasi na kusukumiwa chini kabisa. Alianza kulia kwa vitu vidogo, kikombe kikivunjika, mtu akimwambia pisha. Kisha akaacha sketi zake akahamia kwenye gauni pana la kulalia, mchana kutwa. Harufu ya kitunguu ikawa inamtoa mbio jikoni.

Niambie wewe, mama gani angeona hayo asifikirie analofikiria kila mama? Bi Kipaza alihesabu kichwani vijana wote waliowahi kumsindikiza Kitinda hadi kwenye geti. Alimpeleleza mwalimu kijana wa mazoezi, akampeleleza mtoto wa jirani mwenye pikipiki, akaenda hadi kwa mama wa duka kuuliza kwa mzunguko kama ameona lolote. Huyo aliyeishuku kliniki nzima kwa sababu ya neno moja, kwake mwenyewe akashuku pikipiki. Kikulacho ki nguoni mwako, nao watu wazima huanza kutafuta kwenye nguo za jirani.

Jioni moja akamwita Kitinda, akamkazia macho tumboni, akamuuliza ni nani. Binti hakuelewa. Alipoelewa akacheka kicheko kibaya kisicho chake, halafu machozi yakamtoka, akasema kumbe dada anamjua hivyo tu. Akaingia chumbani, komeo likalia. Wakanuniana. Chakula kiliwekwa mlangoni na kuokotwa mlangoni kimepoa. Bi Kipaza alijisemea akikosa adabu mtoto mwache akae na makosa yake, atatoka njaa ikimuuma, na katika siku hizo aliona mdogo wake akishika ukuta akienda chooni, akadhani ni maringo ya mimba changa.

Jumamosi alasiri alikuwa jikoni anaosha vyombo. Ukuta wa jikoni na chumba cha Kitinda ulikuwa ni mmoja, mwembamba. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, pole kwa usumbufu. Akadhani ni redio. Ikasema, usijali, hali hiyo ni ya kawaida, pumzika na unywe maji. Akaendelea kusugua sufuria. Kikapita kimya, vikasikika vibonyezo vya simu, kip, kip, na sauti ikarudia vile vile, na tabasamu lile lile: usijali. Redio hairudii hivyo. Akaiacha sufuria ndani ya maji ya sabuni.

Halafu akasikia kitu kingine. Kati ya usijali na usijali kulikuwa na pumzi. Fupi, za juu juu, zinakatika kabla hazijafika, pumzi za mtu anayeomba hewa kwa mkopo. Miaka yote ile studio Bi Kipaza alikuwa hajasikia pumzi ya mtu kwa makini kiasi hicho.

Hakubisha hodi. Aliusukuma mlango kwa bega mpaka misumari ya komeo ikatoka.

Kitinda alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye kitanda, kwani akilala hewa inakata. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma chini ya lile gauni, uso umekuwa wa majivu, midomo imekauka. Simu ilikuwa mkononi, inasema kwa sauti kubwa. Alimtazama dada yake kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

"Nimepiga tangu jana," akasema. "Unasema ni kawaida."

Hakusema mashine inasema. Alisema unasema. Bi Kipaza alipiga magoti, akamshika uso kwa mikono yenye povu, na yote yakamwagika kwa vipande, kila kipande na hewa yake: sindano alizojichoma tumboni mwenyewe kila asubuhi, usingizi wa kliniki, mayai mengi sana, muuguzi alifurahi akasema ameshinda wote, na posho aliyotaka ilipe ada ya muhula ili dada apumzike japo mara moja maishani. Na uvimbe ulioanza kesho yake. Dada yake akamuuliza, kwa nini hukuja kwangu, mimi niko hapa hapa, upande wa pili wa ukuta.

"Wewe ulikuwa umeninunia," Kitinda akasema. "Kwenye simu hukununa."

Sijui kama kuna kofi linalouma kuliko hilo. Bi Kipaza alimbeba. Binti alikuwa mrefu kuliko yeye na mzito kwa maji, lakini alimbeba mpaka barabarani, na aliyesimamisha gari kuwachukua ni yule yule mtoto wa jirani, aliyeacha pikipiki yake njiani akakimbia kutafuta gari ya baba yake. Hakuulizwa lolote, hakuuliza lolote.

Hospitali kuu ilikuwa imejaa. Juu ya vichwa vya wagonjwa spika ilikuwa inaita namba kwa upole mkubwa, tafadhali subiri zamu yako, tunajali afya yako, na chini yake mwenye sauti hiyo alikuwa anapiga dirisha la mapokezi kwa viganja na kupiga kelele mpaka koo likakwaruza. Watu walimgeukia mwanamke aliyekosa ustaarabu, wengine wakamwonyesha spika: husikii unaambiwa subiri? Muuguzi mmoja mzee akatoka kumfukuza, akaliona tumbo la Kitinda, akaacha kufukuza. Kitanda cha magurudumu kikaja mbio.

Walimfyonza maji tumboni, kisha wakampeleka chumba cha upasuaji. Daktari, mama mmoja aliyechoka ambaye hakupenda maneno mengi, alimweleza Bi Kipaza ukweli kama ulivyo. Dawa zilikuwa zimevivimbisha vile vifuko viwili vya mayai kupita kiasi. Kimoja, kwa uzito wake, kilijisokota, damu ikakosa njia, kikafa. Wamekitoa. Kingeokolewa, alisema, kama angeletwa jana. Lile neno kujisokota, Bi Kipaza alilisikia kwa mara ya kwanza bila utamu wowote.

Asubuhi mratibu alipiga simu. Alikuwa na huzuni yote inayotakiwa. Alisema kliniki inamwombea mgonjwa, ila na yeye binti alikosea kidogo, kwani mashine ya simu ni kwa ajili ya mambo madogo tu. Mwenye hali mbaya anaambiwa abonyeze sifuri azungumze na muuguzi.

"Nani anamwambia?" Bi Kipaza akauliza.

"Mashine."

"Mashine hiyo haina sauti ila yangu. Na mimi hamjawahi kunisomesha sifuri."

Halafu mratibu akasema, kwa ule upole wake, kwamba kama ni hivyo basi dada aje kesho studio aisome, waiongeze, na isiwe ugomvi. Bi Kipaza akamjibu kwamba atakuja, tena bila malipo, na atasoma hivi: ukivimba tumbo, ukishindwa kupumua, ukikosa mkojo, kata simu hii uende hospitali sasa hivi. Na hatatabasamu. Mratibu akasema hiyo itawatisha mabinti. Bi Kipaza akasema ndiyo. Mratibu akasema atashauriana na wakubwa wake, na hakupiga tena.

Bi Kipaza akampigia Pumzi naye, akamwomba aitoe sauti kwenye mashine. Alijibu kwa aibu kwamba sauti ilishauzwa, iko mikononi mwa wenyewe. Hata wakati huo, walipokuwa wakizungumza, huenda kuna binti mahali fulani alikuwa anabonyeza simu yake na kuambiwa usijali. Bi Kipaza akakaa chini kwenye korido. Alishaamua kwamba Kitinda akitoka, atakwenda kusimama chini ya lile jengo, kwenye mlango wa lifti, na kila binti mrefu atakayemwona anapanda atamsimulia kwa mdomo wake mwenyewe. Watamwita mwendawazimu. Wamwite.

Mchana Kitinda akaamka. Alikuwa mwembamba ghafla, mdogo kwenye mashuka, mrija mkononi. Akapapasa bandeji tumboni. Mtu alikuwa ameshamwambia, au alijiambia mwenyewe, kwani macho yake yalikuwa tayari yanajua. Bi Kipaza akainama, akamshika kichwa, akasema neno alilomwambia maisha yake yote.

"Usijali, mdogo wangu."

Kitinda akafumba macho na kugeuza uso ukutani.

"Hiyo usiniambie, dada. Hiyo nimeisikia."

Neno lile ndilo lililokuwa la kwao wawili, la siku za radi, na Bi Kipaza alikuwa ameliuza kwa mkono wake. Muuguzi akapita, akabadilisha chupa ya maji, akaondoka. Baadaye sana, bila kugeuka, binti akauliza.

"Nitazaa?"

Mdomo wa Bi Kipaza ulijipanga wenyewe, kama ulivyofundishwa miaka yote ile. Alihisi tabasamu likija kukaa mahali pake. Akalizuia kwa meno. Akavuta pumzi, ndefu, ya kelele, yenye kamasi na kilio ndani yake, pumzi ambayo Pumzi angeikata na kuitupa.

"Sijui," akasema, na sauti ikamkatikia katikati, kavu, mbaya, sauti ambayo hakuna benki ingeinunua. "Daktari amesema wapo wanaozaa na kimoja, tena wengi. Kama na wewe utakuwa mmoja wao, sijui. Hayo madawa yatakufanya nini mbele huko, sijui pia. Hakuna anayejua, na waliokuambia wanajua walikudanganya, na mimi niliwasemea."

Kitinda akageuka. Alimtazama dada yake muda mrefu, akimchunguza midomo kana kwamba anahakikisha maneno yametoka hapo. Kisha, kwa taabu, akiushikilia mrija usichomoke, akasogea upande mmoja wa kitanda, akaacha nafasi. Bi Kipaza akavua viatu akapanda, akajilaza ubavuni mwake bila kumgusa jeraha, wakabaki wakisikia pumzi zao.

Huko koridoni spika iliita mgonjwa anayefuata, kwa upole wake ule ule. Kitinda akamwomba dada yake ashuke akafunge mlango.